Epoksi Imekataa Kukauka

Jumapili, mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni. Uyole, Mbeya.

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Ukungu ulishuka asubuhi na mpaka sasa haujaona sababu ya kuondoka. Nimevaa makoti mawili, juu yake nimejitanda kitenge cha mke wangu, na kidole changu kinanata kwenye kioo cha simu ninapoandika.

Kinanata kwa sababu nimeigusa meza tena. Tangu Ijumaa naigusa kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Haijakauka.

Kwa mgeni aliyeingia humu leo: mimi ni Asajile, fundi wa marumaru. Ukurasa huu nilifunguliwa na binti yangu Tusa, mwalimu huko Iringa, ili niweke picha za kazi zangu na wateja wanione. Picha niliweka tatu. Baadaye nikaanza kuandika maneno, na maneno hayajaisha mpaka leo. Tusa ananiambia, baba, huo ni mtandao, si kijiwe. Namjibu kwamba kijiwe changu nimekihamishia humo kwa sababu nyumbani hakuna wa kumsimulia.

Hiyo sentensi niliiandika kama utani. Nimeisoma upya, haichekeshi.

Shule niliishia kidato cha pili, sikufichi. Lakini mkono huu umesoma nchi nne. Nimetandika marumaru Ndola, Lubumbashi, Lilongwe, na hapa kwetu kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Kuna bafu moja la mkubwa fulani Lubumbashi ambalo wageni wakiingia wanasahau walichofuata. Pimamaji ikipingana na jicho langu, naituma pimamaji ikapimwe. Haya yote ni kweli, isipokuwa pale nilipoongeza chumvi, na mke wangu Agnesi ndiye peke yake aliyejua ni wapi. Nikisimulia mbele ya watu alikuwa anainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Hapo najua nimezidisha, narudi nyuma kidogo.

Sasa hakuna anayeinama. Naendelea tu.

Turudi kwenye epoksi. Kazi ya vipande ni hivi: unavunja marumaru au vyombo, unavibandika kwenye ubao kimoja kimoja mpaka vitoe picha, katikati unajaza saruji nyeupe, halafu juu ya kila kitu unamwaga epoksi. Epoksi inakuja kwenye makopo mawili, kopo la dawa na kopo la hadina yake, ile ya kuigandisha. Ukivichanganya vinageuka kioo, unaona picha yako kama iko chini ya maji yaliyotulia. Inataka mambo mawili tu. Vipimo sahihi, mbili kwa moja, bila kukosea hata kijiko. Na chumba chenye joto.

Mimi saruji nimechanganya kwa jicho miaka thelathini. Nikaangalia makopo, makopo yakaniangalia, nikamimina kwa jicho. Ndani ya chumba kilichoko Uyole. Mwezi wa saba.

Jumamosi iliponata nikaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Hapo nikagundua jambo ambalo video za Wazungu hazisemi, kwamba mkaa una jivu, na jivu lina mabawa. Nikafungua mlango haraka kabla sijaelekea ahera, lakini jivu lilikuwa limeshatua. Kwa hiyo sasa nina meza inayonata na yenye chunusi.

Ningekuwa na mtu wa kunicheka ingekuwa siku nzuri.

Meza hii ni ya Agnesi. Yuko kwao Ubaruku tangu mwezi wa nne. Aliondoka asubuhi, akiwa ameshapika, ameshakunja nguo zangu, akaniambia, "Naenda kuangalia mpunga." Mpunga ukaangaliwa. Ukavunwa, ukakobolewa, mchele umeshafika soko la Mwanjelwa na watu wameshaula. Agnesi bado anaangalia. Nampigia kila Jumatano na kila Jumapili. Anapokea. "Mzima? Mimi mzima. Haya." Ana simu ya kitochi, betri yake inakaa wiki nzima, lakini mazungumzo yetu hayamalizi hata dakika moja.

Nikasema nitamtengenezea meza. Picha ya majaruba ya kwao yakiwa yamejaa maji, mpunga wa kijani, milima kule nyuma, na jua. Jua nimelitoa kwenye ukingo wa dhahabu wa vikombe. Sijisifu, lakini ni jua. Nikasema nitaipakia kwenye lori linalofuata mchele Ubaruku, ataifunua mbele ya dada zake, na atarudi.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu nimefika mahali ambapo huwa nadanganya.

Vipande vya meza hii ni vyombo vya Agnesi mwenyewe. Vya wageni.

Anayetoka mbali huenda hajui vyombo vya wageni ni kitu gani kwetu. Agnesi yuko kwenye kikundi cha akina mama, wako kumi na wawili. Wanakutana kila Jumapili nyumba kwa nyumba, na kila zamu wanamletea mwenye nyumba chombo. Huyu sahani, huyu kikombe, huyu bakuli la supu lenye mfuniko. Miaka kumi na nane kabati la sebuleni limejaa hivyo. Kwenye vyombo hivyo hali mtu yeyote isipokuwa mchungaji na wakwe, au kukiwa na msiba mkubwa. Mimi mwenye nyumba sijawahi kunywea chai kwenye kikombe kile. Nilikuwa namtania kwamba nikifa ndiyo nitahudumiwa vizuri.

Mwaka jana mwenye hoteli moja ya barabara kuu alitaka kaunta ya mapokezi isiyofanana na ya mtu. Nikamwonyesha picha ya vipande kwenye simu. Akaniuliza, "Umewahi kufanya?" Nikamwambia nimefanya mbili Lubumbashi. Lubumbashi niliiona moja, kwa mbali, nikiwa nimebeba ndoo ya mchanga.

Akanipa kazi. Nikaanza kuvunja marumaru, nikaona yote ni ya kijivu na ya maziwa. Picha haichangamki. Nilihitaji maua, nilihitaji bluu, nilihitaji dhahabu. Agnesi alikuwa Ubaruku akiandaa majaruba kwa msimu. Nikageuka, nikaliona kabati.

Sikufikiri sana. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikufikiri sana. Nilitia sahani kwenye kiroba cha mchele, nikafunga mdomo, nikapiga nyundo. Baadhi nikaziacha kwenye ndoo kama akiba. Halafu, kwa mikono yangu hii inayojua nchi nne, nikalishika kabati na kulilaza kifudifudi sakafuni, nikavunja kioo chake, nikamwaga vipande vichache pembeni.

Agnesi aliporudi nikamwambia kabati lilianguka.

Alisimama pale mlangoni na mzigo bado kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na nimejiandaa kwa matusi. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa ndani? Hukuumia?"

Nikamwambia sikuumia.

Akaweka mzigo chini, akanishika mabega, akanigeuza huku na huku kuhakikisha.

Ile kaunta ilitoka vizuri, na hapa sisemi kwa majivuno. Mwezi ule ulikuwa wa kumi na moja, joto lipo, na mwenye hoteli alikuwa na mzani wa jikoni akanilazimisha kupima. Iling'aa. Watu walikuwa wanapiga picha wameiegemea. Mimi nilikuwa napita pale hata bila shughuli, nakunywa soda moja kwa saa mbili, nasubiri mtu aulize nani fundi.

Mwezi wa nne, binti wa mama mmoja wa kikundi akafanyiwa sherehe ya kuagwa kwenye hoteli ileile. Agnesi alikwenda na wenzake, wamevaa kitenge cha sare. Mimi nilikuwa nimetangulia. Unafikiri niliogopa? Nilikuwa nimesahau. Niliusema uongo wangu vizuri hadi nikaanza kuuamini, na kwangu ile ilikuwa kaunta yangu tu, kazi ya mkono wangu, nimesimama kando yake na tai.

Wakaingia. Mama Bupe, mwenyekiti wao, akainama kwenye kaunta. Akaweka kidole. Akasema, "Agnesi. Si sahani yangu hii?"

Wengine wakainama. Mmoja akaona kikombe chake. Mwingine akaona bakuli. Agnesi hakuinama. Aliniangalia mimi.

Watu walikuwa wamenyamaza, na mimi sijawahi kuvumilia watu walionyamaza. Nikasema, "Jamani, mbona mnashangaa? Vyombo vimepandishwa cheo. Vilikuwa vinalala kabatini, sasa vinalala hotelini." 

Wanaume wakacheka. Nikaongeza jingine. Wakacheka tena.

Agnesi hakula chochote siku ile. Kesho yake asubuhi akaenda kuangalia mpunga.

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikijiambia amekasirikia sahani. Nami sahani naziweza. Sahani ni kazi yangu. Nikachukua ile ndoo ya akiba, nikaanza meza.

Siku ya kupanga vipande niligeuza kimoja nikakuta chini yake kuna herufi zimeandikwa kwa rangi ya kucha. Nikageuza kingine. Agnesi alikuwa ameandika chini ya kila chombo jina la aliyempa. Vipande vingi vilikuwa na nusu ya jina. Nikavibandika hivyo hivyo, majina yakatazama chini kwenye gundi, kwa sababu upande wa juu ndio wenye maua.

Sasa leo.

Saa sita hivi, baada ya ibada, nikasikia hodi. Mama Bupe. Amejifunga shali, ana mwavuli wa kanisani. Nilifurahi kama mfungwa aliyeletewa mgeni.

"Ugonile, Baba Tusa."

"Karibu, karibu sana mwenyekiti. Chai ipo. Hata asali ipo."

"Sikai. Nimefuata sufuria yetu kubwa, ile ya kikundi. Iko stoo kwa Agnesi. Leo tunakutana kwa Mama Lusajo."

Njia ya stoo inapita kwenye chumba ninachofanyia kazi. Nikapita mbele nikitembea polepole, nikijua atasimama. Akasimama. Mimi nikakunja mikono kifuani, nikasubiri sifa. Mungu anisamehe, na jivu lile lote, bado nilisubiri sifa.

Mama Bupe hakuangalia mpunga wala hakuangalia jua. Alishuka na kidole juu ya meza bila kuigusa, kipande kwa kipande.

"Hii yangu. Hii ya Mama Lusajo. Hii ya Mama Sekela, marehemu. Hiki kikombe alimpa Agnesi akiwa ameshaanza kuumwa, alikinunua mjini akaja nacho kwa miguu." Akakiondoa kidole. "Umemweka kwenye matope."

"Hayo si matope, mwenyekiti. Hilo ni jaruba."

"Haya."

Akaenda stoo, akatoka na sufuria limemfunika nusu. Nikalipokea nimsaidie hadi mlangoni. Pale mlangoni ndipo aliponiuliza.

"Baba Tusa, nikuulize kitu, maana mwenzako hakutaka kusema. Mlipoamua kumuuzia yule wa hoteli, kwa nini Agnesi asituambie tu? Sisi tungemwelewa. Kila mtu ana shida zake. Lakini kutuambia kabati limeanguka, watu wakalia pamoja naye, watu wakaanza kumchangia vyombo upya."

Nikamuuliza, "Tulimuuzia?"

"Wewe na yeye. Tulimwita kikaoni usiku wa ile sherehe, palepale nyuma ya hoteli. Tukamwambia aseme ukweli. Akasema, 'Nilichowaambia ndicho nilichokijua.' Basi. Hakuongeza. Tukamwambia akae pembeni mpaka atakapokuwa tayari."

"Mmemfukuza?"

"Hatufukuzi mtu. Tumemwambia akae pembeni." Akaliweka sawa shali lake. "Hakukwambia?"

Hakuniambia.

Jamani, kuna jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nalijua jinsi lilivyokuwa. Lilikuwa linachekesha, tena lilikuwa na Lubumbashi ndani yake. Nilifungua mdomo na halikutoka, na la kweli pia halikutoka. Mama Bupe akasubiri, halafu akasema, "Haya, tunashukuru kwa sufuria," akaondoka.

Nilirudi kwenye chumba nikakaa. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilijaribu kukumbuka usiku ule wa sherehe, Agnesi alikuwa wapi, na kweli kuna wakati sikumwona. Mimi nilikuwa mezani na wanaume, nawasimulia kuhusu bafu.

Alikuwa na sentensi moja ya kusema. Mume wangu ndiye aliyevunja. Ni maneno manne, hata mtu wa kidato cha pili anaweza kuyahesabu. Angeyasema angerudi kukaa kwenye kiti chake siku ileile. Hakuyasema. Alinywea kikombe changu, akaenda kwao.

Na mimi nikampigia kila Jumatano kumuuliza hali ya hewa.

Nikainuka. Nilitaka kwenda kwa Mama Lusajo lakini miguu ikataka kisingizio. Nikaangalia huku na huku, nikaona Mama Bupe amesahau mfuniko wa sufuria. Nikauchukua. Ni mfuniko mkubwa, ungeweza kumkinga askari. Nikatoka nao.

Kwa Mama Lusajo ni karibu, nyumba ya tatu. Kikao cha akina mama mwanaume haingii, hata mwenye nyumba huwa anatafuta pa kwenda. Nikabisha, nikasimama kwenye kizingiti. Walikuwa wamekaa mduara kwenye mikeka, mashali mabegani, jiko katikati, mahindi yanachomwa. Sauti zao nilizisikia tangu nje, na nilipotokea zikakatika.

"Ameleta mfuniko," akasema Mama Bupe. "Asante, shemeji. Weka hapo."

Sikuuweka. Niliushika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

Nikasema, "Nina neno."

Mama mmoja mnene karibu na jiko akasema, "Likiwa la kuchekesha, tumekwisha kucheka mwaka huu." Wenzake wakaguna.

Nikasema vyombo vya Agnesi nilivivunja mimi. Nikasema kwa nyundo. Nikasema Agnesi alikuwa Ubaruku, hakujua, na kwamba nilimwambia kabati lilianguka, na yeye akawaambia nilichomwambia. Nikasema hakuuza kitu na hakupewa kitu, kaunta aliiona siku moja na wao. Nikasema siku ile nilikuwa nimesimama pale na nilijua, na nikatania.

Nilidhani litachukua muda mrefu. Mimi kisa cha kununua msumari nakisimulia robo saa. Hili liliisha kabla hindi halijageuzwa.

Yule mama mnene akaligeuza. Nikasikia mkaa ukialika.

"Na kabati?" Mama Bupe akauliza.

"Nilililaza mwenyewe."

"Ukavunja na kioo."

"Nikavunja na kioo."

Mama Lusajo, ambaye nyumba ni yake, mtu wa sauti ndogo, akasema bila kuniangalia, "Alisimama hapa kwetu. Jumapili ile aliporudi. Tulikuwa tunaomba, zamu ikamfikia, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba kabati limeanguka na mume wake hakuumia. Sote tukasema amina."

Nimepigwa mara moja maishani, Ndola, na watu watatu. Ile ilikuwa nafuu.

Nilisubiri waniseme. Nilitamani waniseme, kwa sababu mtu akikusema unapata mahali pa kujibu. Mama Bupe akainuka, akauchukua mfuniko mikononi mwangu, akaufunika kwenye sufuria. Akasema, "Tumesikia, Baba Tusa. Nenda nyumbani, baridi inaingia."

Nikauliza, "Mtamwambia?"

"Nenda nyumbani."

Mlango ukafungwa. Nikasimama nje kidogo, nikitega sikio. Hawakuzungumza. Au walizungumza kwa sauti ambayo mimi sikupaswa kuisikia.

Basi ndiyo niko hapa. Meza ipo mbele yangu. Leo nimesoma maandishi ya kwenye kopo kwa mara ya kwanza, polepole, kwa kidole. Imeandikwa kila kitu. Vipimo, joto, muda. Ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Kesho nitaikwangua kwa kisu cha pati, nitaipangusa kwa spiriti, na nitaazima mzani wa dukani nipime kama mtoto wa shule. Haitakwenda Ubaruku. Nitaiacha papa hapa. Mama Sekela nitamtoa kwenye jaruba nimpandishe, nikipata njia ya kumbandua bila kumvunja tena.

Leo ni Jumapili, siku yangu ya kupiga simu. Mara tatu nimelileta jina lake kwenye kioo, mara tatu nimeliondoa.

Nikimpigia nitamwambia. Najijua. Nitaanza na mfuniko, jinsi nilivyosimama nao kama askari, nitamwigiza yule mama mnene, na nitafika mahali nitaongeza kidogo. Nikimaliza, mtu jasiri kwenye kisa atakuwa mimi. Na hakuna atakayeinama kuokota kitu, maana kwenye simu sioni.

Kwa hiyo sipigi. Jina lake nililichafua mbele ya wenzake, wenzake ndio wamrudishie, kama wanaona inafaa. Nimeandika hapa kwa sababu kitochi chake hakiingii humu, na kwa sababu lazima mtu mwingine ajue, kifua changu ni kidogo kuliko ninavyokitangaza. Tusa, wewe unaingia humu. Nakuomba kama baba yako, usimwambie mama yako chochote. Najua mmekuwa mkizungumza na najua uko upande wake. Kaa hukohuko.

Hatanisikia leo, atashangaa. Au hatashangaa, atashukuru kupumzika.

Mama Bupe ana namba yake. Wenzake wote kumi na mmoja wana namba yake. Huenda wameshampigia nikiwa naandika mstari huu. Huenda wanabishana kwanza. Huenda wamekula mahindi yao wakaondoka kila mtu kwake.

Na wasipompigia?

Jumapili ijayo wanakutana tena. Nitakwenda kusimama mlangoni, nirudie maneno yaleyale, bila kupunguza na bila kuongeza.